Saruji haiponyi ukuta wa tumbawe

Mhariri,

Mvua ya masika ikianua, punda huonekana katika mitaa ya Lamu ya Mkomani na Langoni wakibeba mifuko ya saruji. Kuta zimefura, lipu yabambuka, na mwenye nyumba ataka chumba kiwe cheupe upesi. Fundi hupiga saruji juu ya ukuta mbichi, rangi ya plastiki ikafuata, na mwaka haupiti kabla ya kubambuka tena. Lawama hupewa mvua.

Kuta za nyumba zetu kongwe ni za mawe ya tumbawe na chokaa. Zanywa maji na kuyatoa, mradi zisizibwe. Saruji huziba. Unyevu unaonaswa nyuma yake huacha chumvi, na chumvi ikiganda huisukuma saruji, nayo kwa ugumu wake haiondoki peke yake: hubandua na ngozi ya jiwe. Penye zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, hasara ni kubwa zaidi, maana nakshi ya chokaa iking'oka hivyo hairudi.

Ukuta usiguswe kabla ya dari, yaani paa letu bapa, kutengenezwa. Tena doa halionyeshi tundu lilipo: maji hupenya juu, hutambaa na boriti, yakadondoka hata mita 2 mbali. Anza na mlizamu, mfereji wa kutolea maji darini. Ukizibwa na majani na kinyesi cha njiwa, dari hugeuka birika. Ukishazibuliwa, mwagia dari maji sehemu kwa sehemu, toka upande wa chini kwenda wa juu, nusu saa kila sehemu, mtu akiwa chumbani na kurunzi. Wako wanaoziba mlizamu makusudi na kuijaza dari maji ili waone panapovuja. Hatari tupu! Maji ya kina cha sentimita 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Dari ya mita 3 kwa 6 itabebeshwa kilo 900.

Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani ndivyo huoza kwanza. Choma kwa bisibisi: ikiingia zaidi ya sentimita 1 bila nguvu, boriti hiyo ibadilishwe, na dari itegemezwe kwa nguzo kabla ya kuitoa.

Ufa wa dari usipakwe lami juu juu. Jua likiwaka, mvuke ulio chini huinua lami ikatoka malengelenge, na maji yakaingia humo. Tanua ufa ufike sentimita 2 kwa upana na kina, ondoa vumbi, lowesha, kisha jaza chokaa sehemu 1, mchanga sehemu 2, na unga wa matofali ya kuchoma nusu sehemu. Unga huo ndio huifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Pigapiga kwa kibao mpaka ikaze, funika kwa magunia mabichi siku 7. Mwenye mabati atazame misumari: ipigwe mgongoni mwa wimbi, si bondeni, na mpira uliokauka ubadilishwe.

Sasa ukuta. Bambua saruji yote, upite doa kwa nusu mita. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, izolewe, itupwe nje. Ukiiosha huyeyuka ikarudi ndani. Kisha subiri, na hapa ndipo wengi hushindwa. Ukuta wa unene wa nusu mita haukauki kwa wiki 2, na miezi 3 si mingi. Bandika kipande cha nailoni kwa utepe pande zote 4, ukitazame kesho yake. Umande ukiwa upande wa ukuta, bado. Ukiwa upande wa chumba, huo ni unyevu wa hewa tu.

Ukishakauka, tomea mashimo kwa vijiwe na chokaa, kisha piga lipu ya chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka 2 au 3, kila moja isizidi sentimita 1. Mchanga wa ufuoni una chumvi, usitumike. Na matuta ya mchanga ya Shela yaachwe, ndiyo yanayotuwekea maji ya kunywa. Malizia kwa chokaa nyembamba kama maziwa, ipakwe mara 4.

Kwa hesabu hiyo, atakayebambua Julai apige lipu Januari, vuli ikishapita. Anayekihitaji chumba kabla ya hapo apake chokaa nyembamba juu ya mawe matupu, aweke kitanda chake mbali na ukuta, alale.

Mwashi wa nyumba za mawe,
Langoni, Lamu