Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti: tufungulie kumbi za mitaa zipigwe muziki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni na burudani,
City Hall, Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa sababu ya mzee mmoja mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Nimemwona jukwaani mara mbili, lakini nimemsikia mara moja tu.

Mara ya kwanza ilikuwa katika ukumbi mdogo hapa mjini. Nilikuwa nimelipa kiingilio kuwaona vijana wa benga, ule muziki wa magitaa uliotoka kwa Wajaluo, na hatukufika watu mia mbili. Saa mbili kasoro za usiku akatoka mzee mwenye kofia, akaweka kigoda sakafuni, akalaza ala yake ubavu, akavua kiatu kimoja. Jina lake halikuwa kwenye bango. Jamaa aliyeketi karibu nami alidhani ni fundi wa mitambo amekuja kuangalia waya.

Anayeijua nyatiti anajua kwamba si nyuzi nane peke yake. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, Wajaluo huiita oduong'o, na pete hiyo ndiyo inayogonga ubao wa chombo na kuweka mapigo. Mguuni pia kuna gara, zile njuga. Kwa hiyo mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi, ngoma na kayamba kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa safu ya nne. Niliisikia pete ikigusa ubao, na kabla ya kila ubeti nikamsikia mzee akivuta pumzi. Kufikia wimbo wa tatu, waliokuwa nyuma wakiagiza vinywaji walikuwa wamenyamaza.

Halafu benga ikaingia, na hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuilipia. Gitaa la solo lilipoanza kudondoa, nilitambua nyuzi za yule mzee ndani yake. Benga nimeisikia tangu utotoni kwenye redio ya baba, na husemwa kila siku kwamba magitaa yake yalifuata mchezo wa vidole vya nyatiti, lakini mimi nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo kwa masikio yangu. Jumatatu kazini sikuhadithia bendi. Nilihadithia kidole cha mguu.

Mara ya pili ilikuwa kwenye uwanja wa wazi. Sitautaja, wala waandaaji sitawataja, maana hayo ningeweza kuyasimulia kuhusu shoo nyingi. Mgeni rasmi wa jukwaa alikuwa msanii wa kutoka nje. Mzee wetu alipangiwa saa kumi na moja jioni, wakati nusu ya watu bado walikuwa kwenye foleni wakipekuliwa mikoba. Mitambo ilijaribiwa kwa ajili ya mgeni mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo yeye hakupewa hata dakika tano za kujaribu sauti. Wakamwekea maiki moja mdomoni. Mguuni hakuna. Kwenye ile skrini kubwa tuliona kidole kikipanda na kushuka kimyakimya, kama mtu anayepiga hodi kwenye mlango wa sponji. Wimbo wa tatu haujaisha, DJ akamkata.

Mwenzangu akasema, "Huyu mzee hawezi." Nilitaka kugombana naye, lakini kwa aliyoyasikia hakuwa na kosa.

Mheshimiwa, sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukisimama mita 170 kutoka jukwaani, nusu sekunde nzima inapita kati ya kidole unachokiona na mlio unaokufikia. Waandaaji wa shoo kubwa hulijua hili, ndiyo maana husimamisha minara ya spika katikati ya umati na kuichelewesha kwa hesabu ili sauti zote zifike pamoja. Lakini hesabu hiyo haimsaidii msanii ambaye chombo chake hakikuwekewa maiki. Uwanja wa Kasarani unabeba makumi ya maelfu ya watu, na kuna muziki unaoupenda ukubwa huo. Wimbo ambao kila mtu anaujua unaimbwa na uwanja mzima, na hakuna raha kama hiyo, sikatai. Ila wimbo usioujua hauwezi kukufikia kwa njia hiyo. Unahitaji ukaribu.

Hata ndani ya ukumbi, msanii wa kufungua jukwaa huanza na hasara. Miili ya watu na nguo zao hunywa sauti. Ukumbi wa kuta za simiti ukiwa nusu tupu, kila pigo linarudi kutoka ukutani na kukanyaga lile linalofuata, maneno yanakuwa uji. Anapofika mwenye jina kubwa, ukumbi umejaa na sauti imetulia yenyewe. Sisi tunasema, kweli huyu ni mkubwa! Kumbe sehemu ya ukubwa wake ni makoti yetu. Mapazia mazito pembeni yangepunguza hasara hiyo, na mapazia si bei ya ghorofa.

Sisemi kila anayetangulia ni johari iliyofichwa. Wengine nimewavumilia tu, nikiangalia saa. Na wakati mwingine kosa ni la aliyewaoanisha. Mwaka 1967 huko Marekani, Jimi Hendrix, mpiga gitaa maarufu, aliwekwa kuwafungulia jukwaa The Monkees, kundi la vijana waliopendwa kwenye televisheni. Watoto waliokuja kuwaona vijana wao wakawa wanawaita Monkees huku Hendrix akipiga. Akajiondoa baada ya shoo chache. Kama Hendrix aliyashindwa hayo, kijana wa Kayole mwenye gitaa la kuazima atafanyaje?

Lakini hapahapa kwetu tumewahi kuona likipangwa vizuri. Tamasha la Safaricom Jazz lilipoanza mwaka 2014, vijana wa Ghetto Classics kutoka Korogocho, wanaojifunza vinanda na tarumbeta karibu na jaa la Dandora, walipanda jukwaa lilelile la wageni wakubwa, na mapato ya tiketi yakaelekezwa kwenye mafunzo yao. Hawakuwa wa kujaza muda. Walikuwa sehemu ya mpango, na mtu akitoka pale alikuwa anawataja.

Sasa nije kwa lililo mikononi mwako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni, burudani ya umma na maeneo ya burudani. Nairobi haina uhaba wa kumbi kama tunavyopenda kulalamika. Kuna Kaloleni, ukumbi uliosifika kwa mikutano ya siasa kabla ya uhuru. Kuna Pumwani, ambako wazee wetu walicheza dansi wakati mji huu ulikuwa bado unawataka wawe na kipande mfukoni. Kuna Makadara, kuna Jericho. Mkazi wa Eastlands, upande ziliko kumbi hizi, akitaka kusikia muziki wa jukwaani leo, ataenda Jumba la Kitaifa la Maigizo, ambalo limekuwepo tangu 1952, au Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, au avuke mji mzima mpaka Lang'ata. Akirudi usiku, nauli ya matatu imepanda mara mbili, na ya boda usiulize.

Ninaloomba ni kwamba Ijumaa moja kila mwezi kumbi hizi zipigwe muziki, kwa ada ya ukumbi ambayo bendi changa inaweza kuchangishana, na askari wa kaunti, kanjo, wawe wameambiwa mapema, wasije saa tatu kuuliza kibali mlangoni. Muziki uanze saa kumi na mbili na nusu, uishe saa nne. Majirani watalala, na sisi tutapata matatu. Kelele za usiku zinazolalamikiwa kila wiki nyingi ni za spika zilizoelekezwa hewani. Ukumbi wenye kuta na watu mia mbili hauhitaji spika za kubomoa madirisha.

Na kwa zile shoo kubwa zinazoomba viwanja vya kaunti, kibali kiwe na sharti: msanii wa hapa anayefungua jukwaa ajaribu mitambo kama wengine, jina lake liwe kwenye bango na saa yake, na alipwe pesa. Wengi huambiwa malipo yao ni kujulikana. Makanga hapokei kujulikana.

Najua maombi ya pesa mezani kwako ni mengi, na haya ya kwangu yanaweza kusubiri nyuma ya mitaro na taka. Kwa hiyo nimalizie na lililo rahisi. Utakapotuma watu kukagua kumbi hizo, waambie wahesabu soketi za stima jukwaani. Ukumbi mmoja wa mtaa nilioingia mwaka jana ulikuwa na moja tu, na ilikuwa imeshikwa na birika la chai la mlinzi. Bendi ilisubiri maji yachemke.

Wako,
Mpenda muziki, Umoja