Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Aliyevunjika Shingo Apimwe Pumzi Pia

Mheshimiwa Waziri,

Mgonjwa aliyevunjika shingo akifikishwa hospitali, wote hutazama kama miguu inasogea. Ni haki yao kutazama. Ila kifua ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi wagonjwa hawa, na wodi nyingi hazina utaratibu wa kukipima. Tunaowahudumia tunaomba waraka wako juu ya jambo hilo.

Kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, hupokea amri kupitia neva zinazotoka usawa wa pingili ya 3 hadi ya 5 ya shingo. Uti wa mgongo ukikatika juu ya hapo, mgonjwa hapumui bila mashine. Ukikatika chini yake, anapumua na kuongea, na hapo ndipo tunapodanganyika. Misuli ya mbavu na ya tumbo, ile inayosukuma kikohozi, imelala. Makohozi yanajikusanya, sehemu ya pafu inasinyaa, nimonia inaingia. Tena uvimbe wa uti huweza kupanda siku za mwanzo: aliyeingia Jumatatu akipumua mwenyewe huenda Alhamisi akahitaji mashine.

Oksimita ya kidoleni, kipimo cha oksijeni damuni, haitoshi. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, itasoma asilimia 96 huku hewa ya ukaa ikipanda damuni. Apimwe kwa spairomita, kifaa cha kupima kiasi cha pumzi, kila zamu: avute pumzi hadi mwisho, aipulize yote. Kiasi kikikaribia mililita 15 kwa kilo ya uzito, yaani 900 kwa mtu wa kilo 60, daktari wa wagonjwa mahututi aitwe saa hiyo hiyo, asingojewe wa raundi ya asubuhi.

Kuna na kosa la nia njema. Anayehema hukalishwa, ndivyo tulivyofundishwa sote. Mwenye uti uliokatika shingoni mara nyingi hupumua vizuri zaidi akilala chali, kwa sababu akikaa tumbo lililolegea humwagikia mbele na kiwambo hushuka kikakosa nguvu ya kuvuta. Akianza kukalishwa, afungwe mkanda wa tumbo kwanza.

Kikohozi cha kusaidiwa hakihitaji bajeti. Viganja viwekwe chini ya mbavu, juu ya kitovu. Mgonjwa avute pumzi, na anapokohoa, sukuma ndani na kuelekea juu kwa mpigo mmoja. Shingo ikiwa haijatengemaa, mtu wa pili aishikilie. Isifanywe akiwa ametoka kula, wala kwa mwenye mbavu zilizovunjika au tumbo lililopasuliwa. Kwa anayenyonywa makohozi kwa mrija, atropini, dawa ya kuinua mapigo ya moyo, iwe karibu: mapigo hayo huweza kushuka ghafla.

Jeraha la ubongo lina njia zake. Asiye na fahamu hupaliwa na mate au matapishi, wala hakohoi. Akipumua kidogo, hewa ya ukaa hupanda, mishipa ya ubongo hutanuka na shinikizo kichwani huongezeka. Wachache hujaa maji mapafuni ndani ya saa chache ilhali moyo ni mzima. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, ikiwa uti wake umethibitika salama, na asilishwe kwa mdomo kabla ya kupimwa kumeza.

Waraka huo uagize spairomita katika kila wodi inayopokea majeruhi hawa, na mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya ndugu wawili kumkohoza mbele ya muuguzi.

Wako katika huduma,
Wauguzi na wataalamu wa viungo, wodi ya majeruhi