Tuuongelee na mpira wa mkojo jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila ikitoka habari ya maambukizi ya wodini tunasoma sakafu, mashuka, mikono ya manesi, sawa ni kweli kabisa, ila kile kitu kinachokaa ndani ya mwili wa mgonjwa usiku na mchana hakiongelewi. Mpira wa mkojo, ule unaopitishwa hadi kwenye kibofu kutoa mkojo kwenda kwenye mfuko.

Sisi tuliouguza wazee wa tezi dume nyumbani tunaujua. Mkojo unaanza kuwa na ukungu, harufu inabadilika, halafu siku mfuko unabaki mtupu na mzee analalamika tumbo la chini limejaa. Baba yangu mdogo alipobadilishiwa, nesi aliukata ule wa zamani akatuonyesha, ndani chenga nyeupe zimegandana kama chokaa kwenye birika la chai! Kumbe kuna bakteria anaitwa Proteus mirabilis, anaivunja yurea, ile taka ya mwili inayotoka na mkojo, asidi inapungua, madini yanaganda njia inaziba. Na wakishajibandika kwenye plastiki wanajifunika utando wa ute, dozi ya antibayotiki inayowamaliza wale wanaoelea, hawa wa kwenye utando haiwatikisi. Ndio maana mgonjwa anamaliza vidonge, wiki mbili mbele homa hiyo tena.

Sasa kuna kitu wanasayansi wanakiita baiosafaktanti, yani kwa lugha ya kawaida ni sabuni inayotengenezwa na vijidudu wenyewe. Mmoja unaitwa safaktini, unatoka kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, Wajapani waliutangaza tangu 1968. Mwaka 2001 watafiti wa Texas kule Marekani waliipitisha safaktini kwenye mipira ya mkojo kwanza, ndio wakaweka bakteria, akiwemo huyo huyo Proteus, na utando ukashindwa kujijenga. Hapa watu wengi wanachanganya, wanadhani ni Jik ya kisasa. Kazi yake kubwa hapa sio kuua, inabadilisha uso wa plastiki mdudu akifika anakosa pa kushika, na mdudu ambaye hajashika anaondoka na mkojo.

Waholanzi wa Groningen nao miaka ya 1990 walihangaika na vile vivalvu vya silikoni wanavyowekewa watu waliotolewa koromeo kwa kansa ili waweze kuongea, fangasi wa Candida wanaviota hadi vinavuja. Wagonjwa wenyewe walikuwa wanasema ukinywa maziwa ya mgando kila siku kivalvu kinadumu, watu wa maabara wakafuatilia wakakuta bakteria wa maziwa wanatoa baiosafaktanti inayozuia fangasi kushika. (Tafadhali asije mtu akamwagia mtindi kwenye mpira wa mkojo, nawajua ndugu zangu.)

Mbona basi haipo wodini? Safaktini ikizidi inapasua chembe nyekundu za damu, huwezi kuipaka kiholela kwenye kitu kinachoingia mwilini. Ikipakwa juu juu inasombwa na mkojo na mpira unakaa wiki kadhaa. Baiosafaktanti nyingine, ramnolipidi, kiasili inatolewa na Pseudomonas aeruginosa ambaye ndiye mmoja wa wasumbufu wakubwa wa mahospitali, kwa hiyo kumfuga kwa wingi kiwandani ni shughuli, dawa yake ni jeni zake za kutengeneza hiyo ramnolipidi zihamishiwe kwa bakteria mpole. Na bei bado iko juu kuliko sabuni za mafuta ya petroli.

Hilo la bei ndio linanifanya niandike. Vijidudu hivi vinaweza kulishwa molasi, yale masalia mazito ya kutengeneza sukari, na mafuta yaliyokwisha kukaangia, na sisi viwanda vya sukari tunavyo, Kilombero na Mtibwa hapo, mafuta ya chipsi ndio usiseme. Naomba mhariri umtafute mtu wa maikrobiolojia (elimu ya vijidudu), SUA yani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, au Muhimbili, aulizwe moja kwa moja: hapa nchini nani anafanya hii kazi, anakwama wapi, na kama ni vifaa ama hela basi kiasi gani. Jibu lichapwe hapa hapa tulisome.

Msomaji wenu,
Morogoro