Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi: kiwiko kiadhibiwe hata aliyepigwa asipoanguka

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam kutoka Tanga. Mimi nafundisha timu ya vijana hapa Makorora, na ligi ikija uwanja wetu wa Mkwakwani huwa sikosi jukwaani. Nakuandikia kwa jambo moja. Waamuzi wetu wamezoea kutoa kadi kwa kumtazama aliyeanguka badala ya aliyetenda. Aliyepigwa akibaki wima, mpigaji kasalimika. Aliyeguswa akijitupa na kugaragara, mwenzake anatolewa nje. Wachezaji wameshalijua hilo, makocha wanalijua, na sasa hata watoto wanalijua.

Nikupe nililoliona kwa macho yangu. Timu sizitaji wala mwamuzi simtaji, kwa kuwa sikuandika kumshitaki mtu. Ilikuwa kona, goli la upande tuliokaa. Mpira umewekwa kwenye kibendera, mwamuzi wa kati anamwangalia mpigaji. Beki akamshindilia mshambuliaji kiwiko cha shavu. Yule kijana akayumba, akajishika mdomo, akatema mate yenye damu, kisha akarudi kwenye nafasi yake maana kona inapigwa na yeye ndiye tegemeo la vichwa. Mwamuzi msaidizi wa upande ule alikuwa anatazama hukohuko. Kipenga kikalia. Wakaitwa wote wawili, wakasemeshwa, wakashikishwa mikono, mpira ukaendelea.

Kipindi cha pili, katikati ya uwanja, winga akamsukuma kiungo kifuani kwa kiganja, msukumo wa kumwambia tu "nipishe". Kiungo chali, kashika jicho. Benchi zima la ufundi likasimama na kupiga kelele, machela ikaingia, winga akaoneshwa nyekundu. Machela haijavuka mstari, mwenye jicho kashateremka anaomba ruhusa ya kurudi.

Sheria ya 12 ya mpira wa miguu, ile ya rafu na utovu wa nidhamu, haina fumbo hapo, na wewe unaijua kuliko mimi. Kutumia nguvu kupita kiasi au ukatili dhidi ya mpinzani wakati hamgombei mpira, au kujaribu kufanya hivyo, ni kadi nyekundu hata kama hakuguswa. Kumpiga mtu kichwani au usoni kwa mkono, kwa makusudi, wakati hamgombei mpira, ni nyekundu pia, isipokuwa nguvu yenyewe iwe ndogo isiyo na uzito. Mpira kutokuwa mchezoni hakumwokoi mtu: ile kona haikuwa imepigwa, kwa hiyo penalti isingekuwepo, lakini kadi ilikuwa haki yake. Na sheria hiyohiyo inasema anayejifanya kaumia au kachezewa rafu ili kumhadaa mwamuzi apewe njano kwa mchezo usio wa kiungwana. Ni makosa mawili tofauti, kila moja na adhabu yake. Hakuna palipoandikwa kwamba mwamuzi achague mojawapo, wala hakuna palipoandikwa kwamba kiwiko kinamalizwa kwa kupeana mikono.

Sitaki kuingia kwenye maneno ya timu kubwa na timu ndogo. Hayo yana wenyewe, na kila kijiwe cha kahawa Ngamiani wanayo yao. Ninachosema kinawaumiza wote kwa zamu.

Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Kombe la Dunia la 1994, robo fainali ya Italia na Hispania, Mauro Tassotti wa Italia alimpiga Luis Enrique kiwiko ndani ya eneo la hatari akamvunja pua. Jezi ililowa damu, na mwamuzi Sándor Puhl hakutoa hata faulo. FIFA ilimfungia Tassotti mechi 8 baada ya mchezo, lakini Hispania walishapanda ndege kurudi kwao, na Puhl akapewa kuchezesha fainali. Miaka 8 baadaye, Brazil na Uturuki kule Ulsan, Hakan Ünsal wa Uturuki alimpigia Rivaldo wa Brazil mpira ukamgonga mguuni wakati Rivaldo anasubiri kupiga kona. Rivaldo akaanguka kashika uso. Ünsal akapewa njano ya pili akatoka, na Rivaldo akatozwa faini ya faranga za Uswisi 11,500, basi. Hakukosa hata mechi moja, na Brazil wakachukua kombe. Angalia mizani hiyo, Ndugu Mwenyekiti. Anayepiga akibainika anakosa mechi, anayehadaa akibainika anatoa fedha mfukoni. Kwa mchezaji wa kulipwa, fedha ya namna hiyo ni gharama ya kazi.

Uingereza wao mwaka 2017 walianza kuwafungia mechi 2 wachezaji wanaojiangusha, pale udanganyifu wao ulipozaa penalti au kadi nyekundu kwa mpinzani. Mkanda unatazamwa na watu watatu, kila mmoja peke yake: mwamuzi wa zamani, kocha wa zamani na mchezaji wa zamani. Wote watatu wakikubaliana ndipo anashitakiwa. Oumar Niasse wa Everton alikuwa wa kwanza kufungiwa katika ligi yao kuu, Novemba mwaka huohuo, kwa penalti aliyoipata dhidi ya Crystal Palace. Halikumaliza tatizo, lakini mchezaji anajua kwamba mechi ikiisha Jumamosi hesabu yake haijafungwa.

Sisi tunayo Kamati ya Saa 72, inayokaa kupitia matukio ya ligi na kutoa adhabu. Picha za televisheni ya Azam zipo, tena kutoka pembe zaidi ya moja. Naomba kamati yako ikae nao na mkubaliane kwamba tukio la vurugu lililompita mwamuzi, na la kujiangusha lililomtoa mtu nje, yapelekwe mezani pamoja, na adhabu ya yote mawili iwe ya kukosa mechi. Na winga wa namna ya yule wa Mkwakwani, ikithibitika alitolewa kwa hadaa, afutiwe kifungo chake. Asikae jukwaani mechi zinazofuata huku aliyemhadaa anacheza.

Lakini zaidi ya picha, mimi nalilia sauti ya waamuzi wasaidizi na wa akiba. Mwaka 2006 Berlin, Zidane wa Ufaransa alipompiga Materazzi wa Italia kichwa cha kifua, mwamuzi Horacio Elizondo hakuona, mpira ulishakwenda upande mwingine. Aliyemwambia ni mwamuzi wa akiba, Luis Medina Cantalejo. Fainali ya dunia, muda wa nyongeza, mchezaji mwenyewe ni Zidane, na bado mtu wa akiba alifungua mdomo. Hapa kwetu naona wasaidizi wanasubiri kuulizwa. Pengine wanaogopa kuonekana wanamwingilia mkubwa wao, pengine wanaogopa jukwaa lililo mgongoni mwao. Nawaelewa, wanasimama mita chache tu kutoka kwa watu waliopandwa na hasira. Basi kamati iwalinde. Kamisaa na mtathmini wanapoandika ripoti, waandike pia kama msaidizi alitoa taarifa ya tukio lililokuwa mbele yake, na aliyetoa apate alama hata kama mwamuzi wa kati hakumfuata.

Nimesema watoto wanalijua. Jioni moja mazoezini, kijana wangu mmoja wa miaka 13 alipigwa kikumbo cha kawaida kabisa akaanguka kashika uso kwa mikono miwili. Nilipomfikia niliona jicho moja linanichungulia katikati ya vidole. Nikamuuliza umeumia wapi. Akanyamaza. Nikamuuliza sasa kwa nini umeanguka. Akanijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, usipoanguka hupewi." Sikuwa na la kumjibu, maana Jumapili iliyotangulia tulikuwa naye Mkwakwani na alikuwa ameona alichokiona. Huu ni mji uliotoa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, Coastal Union, na vijana hawa wanataka kufika huko. Wanajifunza kwa kuwatazama waliotangulia, na nikiwaambia simama ucheze wananiona siwatakii mema.

Kuna na lililo zito kuliko kadi. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana wa timu ya Mbao ya chini ya miaka 20 alianguka uwanjani na hakuinuka tena. Alifariki siku hiyohiyo. Mungu amrehemu. Kila anayejigaragaza leo kwa ajili ya kupoteza dakika anamfundisha daktari wa timu kutembea badala ya kukimbia, na anamfundisha mpinzani kumzomea aliyelala chini. Nimesikia jukwaa letu likizomea mtu ambaye kumbe mguu ulikuwa umeteguka kweli. Sijapata kuipenda sauti ile.

Marekani, katika ligi yao ya MLS, mwaka 2024 walileta utaratibu ambao ungetufaa. Mchezaji akilala zaidi ya sekunde 15 na watu wa tiba wakaingia, akitoka anakaa nje dakika 2. Majeraha ya kichwa hayamo, na aliyechezewa rafu ya kadi hayumo. Huo mlango wa kichwa ni lazima ubaki wazi, tusije tukamfanya mtu aliyezimia aogope kulala. Lakini waliobaki, wale wanaopona machela ikigusa mstari, dakika 2 timu ikiwa pungufu zitawainua mapema kuliko maneno ya mwamuzi. Sheria za ligi hamziandiki peke yenu, najua. Pendekezo linaweza kutoka kwenu.

Kabla ya hayo yote kuna jambo lisilohitaji kanuni mpya wala fedha nyingi. Kabla ya msimu, waamuzi wanapokaa semina, yawekwe matukio ya msimu uliopita kwenye skrini: kiwiko, teke la nyuma, mtu aliyejitupa, msukumo wa kiganja. Kila mwamuzi aandike kadi angetoa ipi, kisha majibu yalinganishwe palepale mpaka wafike pamoja. Halafu makocha na manahodha wa timu zote waoneshwe matukio hayohayo na waambiwe kadi zake, ili ligi ikianza asiwepo wa kusema hakujua. Sisi walimu wa timu za mitaani tukipewa nafasi ya kukaa nyuma na kusikiliza tu, nauli ya kutoka Tanga tutajitafutia wenyewe.

Wako katika mpira,
Mwalimu wa timu ya vijana
Makorora, Tanga