Tukimtaka chipukizi huyu, chuo kimwandikie barua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala uliotutawala sisi mashabiki wa raga ya vyuo vikuu hapa Nairobi tangu mashindano ya shule za upili yalipomalizika. Swali ni moja: timu yetu ina nafasi gani ya kumpata yule winga wa kidato cha nne ambaye kila kocha jijini anammezea mate? Jina lake sitalitaja, wala shule yake, kwa sababu angali mwanafunzi, mtihani wa KCSE, wa kumaliza shule ya upili, ungali mbele yake, na tayari ametajwa kupita kiasi na watu ambao hawajawahi hata kumjulia hali mzazi wake. Chuo chetu nacho sitakitaja, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yanavihusu vyuo vingi, vya umma na vya kibinafsi.

Shauku ya wenzangu naielewa na ninaishiriki. Nilimwona kijana huyu akicheza msimu huu. Alidaka mpira nyuma ya mstari wake wa mita 22, akiwa amebanwa ukingoni mwa uwanja na wapinzani watatu wakimjia; badala ya kuupiga nje kama wafanyavyo winga wengi wa umri wake, alitulia kidogo, akayumbisha bega la kulia, akaingia ndani kwa mguu wa kushoto, na tulipotanabahi alikuwa amekwisha kuvuka katikati ya uwanja, huku beki wa mwisho akimfuata kwa kutimiza wajibu tu. Alifunga bao la trai chini ya milingoti, akamrushia mpigaji mpira, kisha akarudi mbio kwenye nafasi yake bila mbwembwe yoyote. Mchezaji wa namna hiyo hapatikani kila mwaka, nasi tuna winga wawili wanaohitimu.

Hata hivyo, nikisikiliza hoja zinazotolewa jukwaani pale uwanja wa raga wa RFUEA, Barabara ya Ngong, na hata ndani ya matatu tukirudi mjini, naona tunajadili kila jambo isipokuwa lile litakaloamua. Mmoja anasema kijana atakuja kwetu kwa kuwa binamu yake aliwahi kuvaa jezi yetu. Mwingine anaapa kwamba chuo jirani kimekwisha kuyamaliza mambo, na akiulizwa nani kamwambia, anasema ni mtu wa karibu. Wakongwe nao hutukumbusha kwamba Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitwaa Kombe la Kenya, yaani taji la ligi kuu ya raga nchini, mwaka 1977, na kwamba Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Shujaa, timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, na ambaye mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alisomea kemia katika chuo hichohicho. Hayo ni ya kweli na yanatutia fahari sisi sote tunaoamini kwamba raga na masomo vinaweza kwenda pamoja. Lakini hakuna ofisi ya fedha inayopokea historia badala ya karo.

Tunazungumza kana kwamba kijana huyu atachagua timu. Ukweli ni kwamba atachagua kozi, na mara nyingi kozi ndiyo itakayomchagulia chuo. Ili kuingia shahada anahitaji alama ya C+ au zaidi, na baada ya hapo KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, humpanga mwanafunzi kwa kuangalia alama zake za masomo yanayohitajika, ushindani wa kozi na mpangilio wa chaguo lake. Idadi ya trai alizofunga haimo katika hesabu hiyo. Akikosa C+, itambidi kuanzia stashahada, na hapo mazungumzo yote tunayoyafanya kuhusu jezi nambari 11 ya winga yatakuwa yameahirishwa. Akiipata, litafuata suala la fedha. Mfumo wa serikali wa ufadhili wa wanafunzi ulioanzishwa mwaka 2023 huwagawa wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya uwezo wa familia zao, na ulipangwa kwa namna ambayo sehemu inayobaki kwa mzazi inaanzia asilimia 5 kwa familia zenye uhitaji mkubwa na kufika asilimia 40 kwa zile zinazohesabiwa kuwa na uwezo. Yeyote aliyewahi kusaidia jamaa kukata rufaa kuhusu kundi alilowekwa anajua usiku wa mzazi katika majuma hayo huwaje. Katika majuma hayo ndipo kijana huyu ataamua, na sisi hatutakuwepo.

Kuna mshindani mwingine ambaye mashabiki wengi hawamtaji, labda kwa kuwa hayumo katika michezo ya vyuo. Tangu mwaka 2015 hadi 2024, Kombe la Kenya lilichukuliwa na klabu mbili tu, KCB na Kabras. Moja inaungwa mkono na benki na nyingine na kampuni ya sukari. Kijana aliyelelewa katika nyumba yenye wadogo wanne wanaosoma akiitwa na klabu ya namna hiyo, hasikii kwanza habari za kombe; anasikia uwezekano wa kipato. Siwalaumu wenye klabu hizo, maana wameweka fedha katika mchezo huu wakati wengine walikuwa wakitoa hotuba. Ninachosema ni kwamba tunapopiga hesabu ya nafasi yetu dhidi ya chuo jirani peke yake, tunamhesabu mpinzani mdogo na kumwacha mkubwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita chuo kimoja hapa jijini, ambacho nina uhusiano nacho wa karibu, kilimpata chipukizi mwingine aliyekuwa akizungumzwa kama huyu wa sasa. Alikuja kwa ahadi ya mdomo. Aliambiwa karo isimtie wasiwasi, chumba kipo, na chakula kitapatikana. Muhula wa kwanza karo ililipwa, na alicheza vizuri mno hivi kwamba tulianza kumtungia nyimbo. Katika muhula wa pili aliumia goti kwenye mechi ya ligi, akatolewa kwa machela, na tukampigia makofi. Wiki chache kabla ya mitihani nilimkuta kwenye foleni ya ofisi ya fedha akiwa na mikongojo miwili kwapani na taarifa ya karo mkononi, ikiwa na baki ambalo halikuwahi kutajwa siku alipokuwa anabembelezwa. Bila kulipa baki hilo asingepewa kadi ya mtihani. Kocha aliyemwahidi alikuwa amehamia timu nyingine, idara ya michezo ilisema haina kumbukumbu ya makubaliano hayo, na kwa kweli haikuwa nayo, kwa kuwa hayakuwahi kuandikwa. Alirudi nyumbani. Jina lake halitajwi tena jukwaani, na wengi wanaoshangilia leo kwamba tutampata huyu mpya walikuwepo wakati ule.

Ndiyo maana nikiulizwa nafasi yetu ni ipi, nauliza kwanza: chuo kimeandika nini? Nijuavyo hadi ninapoandika haya, hakijaandika chochote. Kuna simu zilizopigwa, kuna mtu aliyekwenda shuleni kumsalimu, kuna jezi aliyopewa. Kwa msingi huo naona nafasi yetu ni ndogo, na itabaki ndogo hata tukijaza uwanja kila Jumamosi.

Wenzangu hupenda kutolea mfano Marekani, ambako mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo hushindana mwaka mzima kubashiri ni chuo gani kitamnasa chipukizi gani, na ambako chipukizi hupewa nyota, hadi tano, kabla hajamaliza shule ya upili. Mfano huo ni mzuri, ila tunauchukulia upande wa kelele tu. Huko pia ahadi ya mdomo ya kijana haimfungi yeye wala chuo, na mashabiki wanalijua hilo. Kinachongojewa ni kipindi cha kutia saini, ambacho tangu 2017 hufunguliwa mwezi Desemba, kabla ya kile cha jadi cha Februari. Mwaka 2015 vyuo vya ligi tano kubwa vilikubaliana kwamba chuo hakiwezi kumnyima mwanamichezo ufadhili kwa sababu tu kiwango chake uwanjani kimeshuka. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kutokana na matumizi ya majina na picha zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo hatuna na sidhani kama tunazihitaji. Lakini karatasi na wino tunavyo.

Tena Wakenya wenyewe tumefaidika na utaratibu wa huko. Mkimbiaji Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya vyuo vya Marekani akiwa Oregon. Wanariadha hawa na wengine wengi walikwenda kwa sababu kulikuwa na nafasi ya masomo iliyokuwa na masharti yanayojulikana. Hatuwezi kuendelea kuona fahari kwa vijana wetu kupokewa hivyo ugenini huku hapa nyumbani tukiwapokea kwa maneno matupu.

Ombi langu kwa wasimamizi wa michezo wa vyuo vya Nairobi ni hili. Kabla hamjampigia kijana simu nyingine, mwandikieni mzazi wake barua yenye nembo ya chuo, iliyotiwa saini na mtu mwenye mamlaka ya kukifunga chuo, si kocha peke yake, kwa maana makocha huhama. Barua hiyo ieleze chuo kitalipa nini na kwa mihula mingapi, kijana atalala wapi na atakula wapi, na nani atagharamia matibabu akiumia akiwa na jezi ya chuo, pamoja na kipindi cha kupona ambacho kwa goti huweza kupita miezi tisa. Ieleze waziwazi kwamba ufadhili hautakatwa kwa sababu ya jeraha. Ieleze pia anachotakiwa kufanya darasani ili auhifadhi, kwani chuo nacho kina haki ya kudai kwamba mwanafunzi asome. Na ratiba ya mazoezi isigongane na vipindi vya maabara kiasi kwamba kijana alazimike kuchagua kila wiki kati ya kocha na mhadhiri. Kipengele cha jeraha ndicho nitakachokisoma mimi kwanza, na ningemshauri mzazi yeyote afanye hivyo.

Chuo kisipoweza kutoa hayo yote, kiandike kile kinachoweza. Naamini mzazi atakayeambiwa kwamba chuo kitalipa nusu ya karo, na akaonyeshwa kwa maandishi, ataridhika kuliko yule aliyeahidiwa yote kwa mdomo. Nasi tuliohitimu tuna wajibu wetu. Tumezoea kuchangishana kwa M-Pesa kila timu inapokwenda kwenye mashindano ya raga ya wachezaji saba, kama Dala Sevens kule Kisumu au Driftwood Sevens kule Mombasa, na pesa hupatikana kwa siku mbili. Tukiwa na akaunti yenye wasimamizi wanaojulikana na hesabu zinazosomwa hadharani, michango hiyohiyo ingeweza kumlipia angalau mchezaji mmoja sehemu ya karo kila mwaka.

Kwa mashabiki wenzangu nina neno moja zaidi. Kijana huyu atafanya KCSE mwezi Novemba, na matokeo ya mtihani huo kwa kawaida hutangazwa Januari. Kati ya sasa na hapo anahitaji kusoma hesabu na kemia yake kwa utulivu. Nimeambiwa na mwalimu wake kwamba watu wasiojulikana wamekuwa wakimpigia simu mama yake usiku wakimshinikiza aseme ni chuo gani mwanawe anakipenda, na wengine wakimtisha kwamba akichelewa nafasi itakwenda kwa mwingine. Tafadhali tuache. Hakuna nafasi inayopotea kwa kijana kungoja matokeo yake, na hakuna timu iliyowahi kuwa bora kwa kumsumbua mama wa mchezaji wake.

Nimekwisha kumwandikia msimamizi wa michezo wa chuo chetu nikimwomba aandae barua hiyo ili iwe tayari kabla ya KUCCPS kuanza kupokea maombi baada ya matokeo, na nimempa nakala msajili. Nawaomba wote waliohitimu pale na wanaomtaka kijana huyu wafanye hivyo mwezi huu, kila mmoja kwa jina lake na mwaka aliohitimu.

Wako mwaminifu,
Shabiki na mchezaji wa zamani wa raga ya vyuo,
South B, Nairobi