Jani la potosi limetoa mizizi lakini halikui: kwa nini?

Malalamiko haya kuhusu potosi, mmea wa kutambaa unaopambia sebule, yanatufikia mara kwa mara hapa kitaluni kwetu Lubumbashi, na juma lililopita yalikuja kwa ukali. Mama mmoja wa Kampemba aliingia na chupa ya kioo, ndani yake jani moja la potosi, mizizi myeupe imejikunja hadi chini. Alisema ameliloweka tangu mvua za mwaka jana, jani ni zima, lakini la pili halijaonekana. Kisha akatuambia mbele ya wateja wengine kwamba potosi tunazouza tunazitia dawa zisizaliane, ili watu warudi kununua.

Dawa hiyo haipo. Tulipolitoa jani lile majini tuliona shida papo hapo: lilichumwa kwenye kikonyo, shina halikuwemo hata kidogo. Potosi, sawa na filodendroni na monstera, mimea mingine ya sebuleni, huchipuka kwenye jicho, na jicho linakaa kwenye fundo, pale kikonyo kinapokutana na shina. Kikonyo peke yake kikilowekwa kinaweza kutoa mizizi na jani likabaki kijani miezi mingi. Ila jicho hakina, basi hakuna kitakachochipuka, hata ungoje miaka. Sisi sote tunalijua jambo hili shambani: muhogo hupandwa kwa pingili ya mti wake, hakuna anayefukia sombe, majani yake, akangojea muhogo. Sebuleni sheria ni ileile.

Fuata shina la mmea wako kwa kidole. Utafika kwenye fundo, mahali shina linapovimba kidogo, pana alama ya pete kulizunguka, na hapo hapo kuna kinundu cha kahawia kisichofika hata nusu sentimita. Kinundu hicho ni mzizi wa hewani, ndio ambao mmea unautumia kushikilia mti unapopanda. Kata sentimita moja au mbili chini ya fundo kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa alkoholi. Usivunje kwa mkono, kwa sababu shina lililopondeka linaoza majini. Sisi tunakata pingili za mafundo mawili: la chini linazama bila jani, la juu linabaki nje na jani lake. Nawa mikono ukimaliza, utomvu wake unawasha ngozi na mdomo, na mabaki yasiachwe mahali watoto wanapocheza.

Maji yabadilishwe kila baada ya siku nne au tano. Mizizi ikifika sentimita tatu hadi tano, hamishia kwenye udongo. Wengi wanapenda kuiangalia ikijaza chupa, lakini mizizi iliyokaa majini muda mrefu inapata taabu sana ikiingia udongoni.

Halafu kuna baridi yetu. Potosi asili yake ni Mo'orea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa, ambako joto halipotei mwaka mzima. Hapa Lubumbashi, usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Papa mmoja wa Katuba alikata pingili zake katikati ya Juni, akazipanga dirishani. Mizizi ilipochelewa akatia urea ndani ya chupa ili kuiharakisha. Pingili isiyo na mizizi haina haja ya mbolea, na urea ile iliziunguza zote. Mmea mama alikuwa ameukata hadi karibu na udongo, nao ukanyauka. Alirudi kwetu kununua vyungu vitatu. Angengoja mvua za Novemba asingetumia hata faranga moja.

Udongo nao unatuletea kesi nyingi. Watu wanachota udongo wa kichuguu kwa sababu mahindi yanastawi juu yake. Kwa matofali ni mzuri sana. Ndani ya chungu unashika maji, ukikauka unakaza, na mizizi inakosa hewa. Sisi tunachanganya mboji ya majani, mchanga wa mtoni na makala (makaa ya kupikia) yaliyopondwa, na chungu lazima kiwe na tundu chini. Chungu kisicho na tundu hatukiuzi, hata mteja akikipenda kwa rangi yake.

Sasa bei. Tunaulizwa kwa nini dola 5 kwa kitu ambacho jirani anakikata bure. Ukipata pingili ya bure yenye fundo, chukua, tutakuonyesha namna ya kuilea bila kukulipisha. Lakini chungu tunachouza hakitoki kwenye kitalu mpaka jicho limefunguka na jani jipya limekunjuka lote. Hiyo ni miezi ya maji, kivuli na ulinzi wa usiku wa baridi. Mimea mama tunaichagua kwa mkono: shina lenye michirizi ya njano ndilo linalokatwa, kwa kuwa shina lililogeuka kijani kitupu litazaa kijani kitupu.

Na msinunue mbegu za potosi. Mmea huu karibu hauchanui kabisa. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba jeni yake moja ya kutengeneza jibarelini, homoni inayohitajika ili uchanue, ina kasoro. Potosi zote mnazoziona mjini zilitokana na pingili. Anayekuuzia pakiti ya mbegu anakuuzia kitu kingine.

Yule mama wa Kampemba tulimpa pingili moja yenye mafundo mawili, akaikata yeye mwenyewe tukiwa tumesimama naye. Yeyote mwenye chupa ya namna ile ailete tuiangalie, hatutozi. Chungu kilichotoka kwetu kikishindwa kutoa jani lingine ndani ya miezi mitatu ya mvua, tunakibadilisha. Kilichotiwa urea au kuhamishiwa udongo wa kichuguu hatukibadilishi.