Kabla hujataja tarehe ya kurudi kazini

Mpendwa Rehema,

Salamu kwako na kwa mtoto. Umeniuliza urudi kazini miezi mitatu ikitimia au ungoje sita. Swali la kwanza ni jingine: siku hiyo mtoto atabaki na nani? Wengi hushika tarehe iliyo kwenye barua ya likizo, mlezi wakamtafuta wiki ya mwisho. Mlezi apatikane wiki tatu au nne mapema, akae na mtoto nawe ukiwepo: saa moja, kisha nusu siku, kisha siku nzima. Na uwe na wa akiba, maana yaya naye huugua.

Pesa ndiyo huwarudisha wengi mapema kuliko walivyotaka. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na wiki 6 za baada ya kujifungua ziwe za lazima. Nchi nyingi hazijauridhia, kwa hiyo sheria ya kwenu ndiyo ya kusoma, pamoja na mkataba wako wa ajira. Tazama malipo yanakoma lini, kama likizo ya mwaka inaweza kuungwa hapo, na kama utarudi kwenye nafasi ileile au nyingine yenye mshahara uleule. Ukikubaliana na mkuu wako kuongeza muda, yawe kwa maandishi, wakuu huhamishwa. Halafu, ukipiga hesabu kama kurudi kunalipa, usitoe gharama ya mlezi kwenye mshahara wako peke yako. Mtoto ana baba.

Sasa maziwa, maana hapo ndipo pana kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, na kurudi kabla ya hapo hakuzuii, ila kunataka maandalizi. Wiki mbili au tatu kabla, anza kukamua mara moja kwa siku, baada ya kunyonyesha asubuhi, wakati maziwa ni mengi. Huhitaji kujaza friza. Ya siku mbili tatu yanatosha, kwa kuwa unayokamua leo kazini ndiyo ya kesho. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa takriban mililita 750 kwa siku nzima. Ukiwa nje kwa muda wa saa kumi, acha kama mililita 300 hadi 400, katika vyombo vya 60 hadi 90, ili yasimwagwe mengi akikataa.

Maziwa mabichi hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 hivi kwenye friza. Yakishayeyuka kwenye friji, yatumike ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu zenye moto zinazoweza kumuunguza mtoto mdomo.

Chupa impe mtu mwingine, wewe ukiwa chumba kingine, kwa sababu akikunusa atadai titi. Chuchu ya chupa iwe ya kutiririsha polepole. Akizoea ya kasi, atalinunia titi. Akigoma kabisa, kikombe kidogo kinafaa, hata kwa mtoto mchanga.

Kazini ukamue kila baada ya saa tatu hivi, dakika 15 hadi 20. Kosa la kawaida ni kuruka zamu ya mchana kwa sababu ya kikao. Titi likibaki limejaa, mwili hupunguza kutengeneza. Na kabla ya hapo huenda likavimba, likauma, ukapata homa. Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe, uliza: kuna chumba chenye mlango wa kufungwa (choo si chumba), na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi? Mkataba huohuo wa 2000 unasema uhesabiwe na ulipwe.

Kuhusu mwili, anayekaa mezani na anayeinua mizigo hawawezi kupewa tarehe moja, hasa kama kulikuwa na upasuaji. Mshono wa ndani hupona polepole kuliko ule unaouona. Na ile huzuni ya siku za mwanzo ikipita wiki mbili, mwone mhudumu wa afya, iwe umerudi kazini au hujarudi.

Ukishaamua, anza Jumatano au Alhamisi, si Jumatatu, ili wiki ya kwanza iwe fupi nawe upate wikendi ya kurekebisha palipokwama.

Niandikie unatoka nyumbani saa ngapi na unarudi saa ngapi, tupange saa za kukamua.

Wako,
Mwanaidi